Diski za Nyuma na Kabari ya Mninga

Zaidi ya mwaka mzima mke wangu alishuka kwa miguu mteremko wa kwenda Kirando, na mimi nikiwa mbele yake ndani ya gari letu, peke yangu, na kiti chake kitupu. Naandika ilivyokuwa. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na mtu akiniambia nimepanga mambo vibaya sitabishana naye. Lakini hili la breki, kila nikilisimulia kwa mdomo najikuta nimejipendelea, ndiyo maana nimeona niliweke kwenye daftari.

Tunakaa Mazwi, hapa Sumbawanga mjini. Mama mkwe wangu anakaa Kirando, kule ziwani, anaanika dagaa, na umri umeshamtupa mkono. Mara mbili kwa mwezi tunampelekea unga, maharage na viazi. Huku juu barabara haina shida, ni tambarare na upepo tu. Shida ni pale ukishaiacha Namanyere, nchi inakatika ghafla, unaanza kuteremka kona baada ya kona kulifuata ziwa. Pale gari linadai breki.

Gari langu ni saluni la zamani, lina miaka mingi kuliko mtoto wetu wa kwanza. Mbele lilikuja na diski, nyuma dramu. Kwa asiyejua, dramu ni kama sufuria la chuma lililofunikwa kwenye gurudumu, na ndani mna viatu viwili vya breki vinavyotanuka kuubana ukuta wake. Diski ni sahani iliyo wazi, inabanwa na pedi huku na huku kama unavyobana sarafu kwa vidole. Fundi atakutajia tofauti nyingi. Mimi najua moja: diski unaiona, dramu inaficha.

Na dramu yangu ya nyuma kushoto ilikuwa imeficha jambo. Ilikuwa inavuja. Nilijua. Kama wiki tatu nilikuwa naongeza mafuta ya breki asubuhi, nafunga boneti, nafuta mikono, najiambia kesho nitapita kwa fundi. Siku hiyo tunateremka, kona ya pili, nakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga ugali. Nikapiga gia ndogo, nikavuta hendibreki, nikalibamiza gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima. Taa moja ilivunjika. Sisi hatukuumia.

Mke wangu akauliza, "Ulijua?"

"Ningejuaje, mama watoto? Chuma hiki."

Akashuka kwenda kutoa kabari. Kabari ni kipande cha mninga nilichokichonga mwenyewe, kina kitanzi cha kamba. Tukisimama mlimani, yeye ndiye huiweka kwenye tairi, maana hendibreki ya gari la zamani unaiamini nusu. Ilikuwa kazi yake tangu tulinunue gari. Basi akafungua buti, na pembeni ya kabari akaikuta chupa ya mafuta ya breki, imebaki kidole kimoja. Aliitazama. Akakaza kifuniko chake, akairudisha. Akaweka kabari mbele ya tairi, akajifunga khanga vizuri, akaanza kushuka kwa miguu. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Kwa haki niseme, ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Fundi aliyepandishwa kutoka Kirando kwa pikipiki alibadili kampira ndani ya silinda ya gurudumu, akatoa upepo kwenye mabomba, breki zikarudi. Hazikusumbua tena. Lakini safari iliyofuata, tulipofika pale juu, mke wangu akasema, "Simama." Akavua sandali, akavaa raba.

"Breki ni nzima," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nakwenda. Tutaonana darajani."

Ikawa hivyo kila safari. Nashuka na mizigo, nasubiri chini darajani, nakula mahindi ya kuchoma nisiyoyatamani, mpaka nione khanga yake inatokeza kwenye kona ya mwisho. Siku moja nikachoka, nikamuuliza, "Kwa nini usipande basi moja kwa moja? Breki za basi unaziamini?" Akanijibu, "Nipande basi na gari tunalo?"

Bodaboda wa pale juu walinifanya mchezo wao. "Mzee, umedondosha mama!" Mwingine anamfuata polepole na pikipiki: "Shikamoo mama. Huyo kakuacha? Panda, mimi sina makuu." Mke wangu anacheka nao. Na mimi, niseme kweli, sikuwa na haki ya kukasirika, lakini nilikasirika kila mara.

Nilitaka jambo moja tu: ashuke mteremko ule akiwa amekaa kwenye kiti chake. Goti lake la kulia lilishaanza kuuma, usiku analipaka dawa ya kuchua, asubuhi anavaa raba. Ndipo siku moja nikaona mjini gari lililoegeshwa, rimu zake zina matundu makubwa, na nyuma ya matundu diski inang'aa, hata magurudumu ya nyuma. Nikawaza, hiki ndicho kitu. Akiiona kwa macho yake, atapanda. Akili yangu ilifika hapo ikapumzika.

Nikaenda kwa fundi wangu hapa Mazwi, mtu mzima kunizidi, Mfipa anayejivunia kabila lake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mjomba. Linaumwa nini leo?"

"Nataka nyuma utoe dramu uweke diski."

Akalizunguka gari, akakanyaga pedali, akafungua dramu moja akachungulia. "Hizi nzima. Unataka kumchoma sindano ng'ombe asiyeumwa."

"Nataka diski."

"Mama ndiye kasema?"

"Hajasema kitu."

"Ahaa," akasema, akifuta mikono. "Hajasema kitu. Basi kweli unaumwa."

Alinionya, naandika ili isije ikasemwa hakunionya. Alisema breki kubwa ya gari ni ya mbele, nyuma inasaidia tu. Alisema jambo hili lina mlolongo. Nikamwambia mlolongo ni kazi yake.

Vifaa nilivipata kwa mfanyabiashara wa spea zilizotumika, karibu na soko, mtu mpole asiyepandisha sauti. Aliniuliza toleo la gari langu, nikakisia. Aliniuliza ukubwa wa rimu, nikakisia tena. Akasema kwa maelezo hayo zitaingia. Baadaye nilimlaumu sana moyoni, lakini maelezo yalikuwa yangu.

Hazikuingia. Mashimo ya kufungia kalipa, yaani kile kibanio cha diski, hayakulingana na ya kwangu, ikabidi fundi achonge mwenyewe breketi za kuzishikilia kwenye bamba la chuma la tela bovu. Hapo akapata kiburi. "Babu zetu walikuwa wanayeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuru ndefu za udongo, nchi hii hii, mzungu hajafika. Kibreketi hiki kinishinde mimi?" Kikamshinda. Cha kwanza mashimo yalikosea kwa upana wa punje ya maharage, diski ikawa inasugua na kulia kama mbuzi aliyefungwa juani. Cha pili kikapinda alipokichomelea. Cha tatu kikakaa. Nilikuwa nakwenda kila jioni kuuliza, na kila jioni naambiwa "kesho, mjomba, kesho asubuhi tu," na gari limekaa juu ya magogo, na mke wangu hapo nyumbani haulizi chochote. Hiyo nayo ilinichosha. Mtu akiuliza unapata kulalamika.

Breketi zikakaa, tukarudisha magurudumu. Rimu zikagoma. Rimu zangu za zamani zilikuwa ndogo, kalipa inagusa. Na hata zingeingia, zilikuwa za chuma kilichoziba, matundu yake hayapitishi hata kidole cha mtoto. Nilikaa juu ya tairi nikaitazama ile rimu. Mwezi mzima nahangaikia kitu cha kuonekana, na hakuna tundu la kukionea. Fundi akaielewa sura yangu kabla sijasema, akaenda nyuma ya banda kukohoa. Haikuwa kikohozi.

Nikatafuta rimu kubwa zenye matundu. Nikapata, nne, mbili zimekwaruzwa.

Siku ya kujaribu tulitoka na fundi nje ya mji, njia ya vumbi ya kwenda mashambani. Nikakanyaga breki kwa nguvu kidogo. Nyuma ikabana kabla ya mbele, mkia ukazunguka, tukajikuta tunalitazama kundi la ng'ombe lililokuwa nyuma yetu. Mchungaji wake, baba mmoja wa Kisukuma aliyehamia huku na familia yake, akasogea na fimbo mabegani.

"Mmesahau kitu?" akauliza.

"Tunajaribu breki," fundi akasema.

"Zimeshika," akasema yule baba. "Ng'ombe zangu wameona."

Ikabidi kitafutwe kifaa cha kupunguza nguvu ya mafuta yanayokwenda nyuma. Wiki nyingine. Kikafungwa, upepo ukatolewa, tukajaribu tena, gari likasimama limenyooka, zuri, bila kelele. Nilifurahi mpaka nikampa fundi mkono mara mbili. Halafu, kwa mazoea, nikavuta hendibreki ili nizime gari.

Iliinuka yote, nyepesi, kama mkono wa mtu anayekuaga.

"Hiyo bado," fundi akasema, anatazama nje. "Kebo yako ya zamani haifiki huku. Na hizi diski, hendibreki yake ina viatu vidogo vyake vya ndani, havikuja. Nimeagiza Mbeya."

"Hukuniambia!"

"Mjomba, hukuniuliza. Uliniambia unataka kitu cha kuonekana. Hendibreki haionekani."

Nilipandwa na hasira barabara nzima ya kurudi. Lakini ni kweli sikuuliza. Na gari lisilo na hendibreki halifai kutoka nyumbani, hilo halihitaji askari wa barabarani kukwambia. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi ikaja simu kutoka Kirando kwamba mama mkwe mguu umevimba, hainuki kitandani. Jumamosi asubuhi tulipakia mizigo. Kebo haijafika.

Hapa ndipo ninapojiogopa. Njia nzima, Chala mpaka Namanyere, nilikuwa nawaza kwamba hakuna haja ya kumwambia. Kabari ipo, ataiweka mwenyewe kama siku zote, hendibreki atajuaje? Nilikuwa nimeshamaliza kupanga. Nilikuwa naona raha kabisa.

Tulipofika juu akasema, "Simama." Nikasimama, mguu juu ya breki, nikaingiza gia, nikazima. Nikamwambia, "Kabla hujavaa raba, njoo uone." Akaweka kabari kwanza, ndipo akaja. Akainama kwenye gurudumu la nyuma, mkono mmoja kwenye goti, akachungulia kwenye tundu la rimu. Akaingiza kidole.

"Usiguse, ya moto."

"Inang'aa," akasema. "Ndiyo hii ya mwezi mzima?"

"Ndiyo hiyo."

Akanyanyuka polepole, akanitazama. Hakuuliza. Ule wakati aliuliza, nikadanganya, sasa hakuuliza, na nadhani ndicho kilichonishinda.

"Inasimamisha vizuri," nikasema. "Tumejaribu na mzigo na bila mzigo. Ila hendibreki haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo kabisa. Kebo bado iko Mbeya. Likizimwa mlimani ni gia na hiyo kabari tu."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Kwa hiyo Mazwi tunatoka, unajua."

"Najua."

Akatazama ziwa kule chini, akatazama gari, akapiga mkono kwenye paja. "Mwanaume wewe! Mwezi mzima gari liko juu ya magogo, na kilichokuwa kizima umekitoa!"

Bodaboda mmoja alikuwa ameshasogea. "Mama, leo twende?" Hakumjibu. Akachomoa kabari kwenye tairi wakati mimi nimeshika breki, akazunguka mbele, akafungua mlango wake, akakaa. Kabari akaipakata.

"Endesha," akasema. "Polepole. Na usiongee."

"Kapanda! Jamani mama kapanda!" yule bodaboda akawaitia wenzake.

Nilishuka kwa gia ya pili, sikuongea. Sijui kama alipanda kwa sababu nilisema, au kwa sababu ya goti, au kwa sababu ya mama yake kitandani. Nimeshafikiria yote matatu na sina uhakika hata na moja. Kwenye kona ya pili alishika kabari kwa mikono miwili. Nikakanyaga, gari likapungua mwendo, akaachia mkono mmoja. Darajani nikasimama, kwa mazoea yangu ya kusubiri mtu ambaye leo alikuwa kando yangu. Pale ni tambarare, hata mpira wa mtoto hauviringiki. Alishuka akaweka kabari, akaisukuma kwa mguu kuhakikisha, akaninunulia hindi.

Mama mkwe alipata nafuu. Kebo ilifika wiki mbili baadaye pamoja na vile viatu vidogo, na hendibreki sasa inashika kuliko ile ya zamani, fundi anastahili kusifiwa kwa hilo. Mke wangu anapanda mpaka chini. Ila kabla hatujatoka Mazwi, yeye ndiye anayefungua boneti. Anaangalia mafuta ya breki, anainama usawa wa kichupa, jicho moja amefumba, anarudia tena, halafu anakwenda buti kuona kama kuna chupa nyingine. Hana haraka. Mimi nasimama pembeni na kitambaa mkononi, baridi ya asubuhi inanipiga, nasubiri ruhusa ya kuondoka na gari langu mwenyewe.