Matano Alipozalisha Nyuma ya Kiambaza

"Huyu si ng'ombe, Matano. Huyu ni Somoe binti Shaabani, na baba yake yupo barazani anakusikia."

Maneno hayo ni ya Bibi Bimkubwa, mkunga wa Kirongwe, siku ambazo Mjerumani bado ana boma lake Chole. Alikuwa ndani, mikono imejaa mafuta ya nazi. Matano, mtunza ng'ombe wa Sheikh Tahir, alikuwa uani nyuma ya kiambaza cha makuti, maana chumba cha uzazi mwanamume haingii. Mtoto amelala kingamo, bega mbele, na tangu asubuhi hageuki. Bimkubwa ndiye aliyemwita Matano, akijua ndama waliokwama huwatoa yeye. Kuita aliita, lakini kuona haya nako aliona, basi akamgombeza.

Matano hakujali. Akaeleza kuwa ng'ombe wa namna hiyo humsimamisha mtelemkoni, kichwa chini, ndama arudi ndani apate nafasi. Bimkubwa akauliza kama amtoe Somoe nje akamtafutie kilima.

"Mpigishe magoti," Matano akasema, "paji la uso lifike mkekani. Uchungu ukipoa, msukume mtoto arudi kwanza. Usimvute. Ukivuta utawazika wote wawili."

Bimkubwa akampigisha Somoe magoti, akasukuma. Kisha Bimkubwa akasema ameshika mguu.

Mtoto alitoka miguu mbele, akachelewa kulia, akalia. Ndiye mama yangu. Somoe, bibi yangu, aliishi akazaa wengine wanne. Mimi nisiwashukuru watu hawa, nimshukuru nani?

Tena Bimkubwa hakumwachia Matano hivi hivi. Alimwambia ng'ombe wake wanakufa homa baada ya kuzaa kwa sababu mikono yake inatoka kwenye mavi inaingia kwenye kizazi. Akamkatisha kucha, akamfundisha kunawa kwa maji ya moto na majivu, kama anavyonawa mwenyewe. Matano alinung'unika kwamba ng'ombe hatazami kucha. Lakini alinawa, na homa ikapungua zizini. Toka hapo, ukienda kumwita Bimkubwa, watu wanakuuliza: unamtaka peke yake au na wa nyuma ya kiambaza?

Haki ya mkunga ilikuwa jogoo, na babu yangu Iddi, mumewe Somoe, hakuwa naye. Mama alikuwa ameshaanza kutambaa babu alipompeleka jogoo huyo. Bimkubwa akamwambia Matano amchinje jogoo, akampika kwa tui, akamwita Matano aje ale.

"Paja hili lako."

Matano akasema yeye hadai kitu, alikuwa nje tu.

"Sikukuuliza ulikuwa wapi," Bimkubwa akasema. "Kula."

Akala.