Maneno Yenye Pini

Mimi si mpole, na sijawahi kujidai mpole. Kwa miaka kumi na mmoja nilifundisha hesabu kwa Kifaransa katika shule moja ya msingi hapa Kamembe, wilayani Rusizi, tena nikifundisha vizuri, mpaka likaja agizo kwamba masomo sasa ni kwa Kiingereza. Kila mwalimu angepimwa baada ya mwaka mmoja, na atakayeshindwa angeacha darasa lake. Kiingereza changu kilikuwa salamu na majina ya matunda, na hayo matunda si yote.

Papa, baba yangu mzazi, fundi wa kushona kanzu pale sokoni, hakutaka kusikia kilio changu. Utotoni alikaa madrasa hadi akahifadhi juzuu kumi, na alijua njia moja tu ya kujifunza. Siku ya pili akaja na kamusi kuukuu ya Kiingereza na Kifaransa aliyoipata kwa muuza karanga. Jalada hakuna, na kurasa za mwanzo zilikwisha kufungia karanga.

"Kitabu habakisomake tu, banakihifadhi," akaniambia. "Tunaanza mwanzo, tunafika mwisho."

"Papa, hii ni kamusi!"

"Na iko na mwisho ao haina?"

Ikawa hivyo. Kila alfajiri baada ya sala, mimi, mama wa watoto watatu, niliketi mkekani mbele yake na kukariri. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, lakini herufi alizijua. Alinifuata kwa kidole, na nikiruka neno aligonga sakafu kwa rula yake ya mbao. Wanangu walijibanza jikoni wakicheka.

Maneno mengine yalikuwa na alama pembeni, kijistari kilichosimama chenye kichwa. Maana yake sikuijua. Maelezo yalikwenda na zile karanga. Papa aliikaribia, akaitazama, akafurahi.

"Hii ni pini," akasema. Kwa fundi, pini huchomekwa mahali pagumu ili mkono usipite ovyo. "Penye pini tunashona mara mbili."

Basi maneno yenye pini niliyasoma mara mbili, mara nne. "Eke", maana yake pia. "Fain", kwa moyo mkunjufu. "Overmorrow", keshokutwa. "Sennight", juma zima, siku saba na usiku wake. Niliyajua kama Alhamdu. Mwaka ulipokwisha tulikuwa tumemaliza herufi S, na mimi nilikuwa nazungumza Kiingereza. Cha aina yake, lakini Kiingereza.

Mpimaji alikuwa mama wa makamo kutoka Kigali, aliyekulia Uganda. Aliketi nyuma ya darasa langu la tano. Nilifundisha hesabu za sehemu bila kukwama, nikawapa watoto zoezi, nikawaambia walilete "overmorrow". Yule mama akacheka mpaka akavua miwani. Watoto, ambao hawakuelewa lolote, nao wakacheka.

Kengele ilipolia aliniuliza neno lile nimelitoa wapi. Nikaitoa kamusi mkobani. Akaweka kidole kwenye ile alama, akanieleza kwamba ule ni msalaba, kama wa kaburini. Kila neno lenye msalaba limekufa. Waingereza wenyewe waliacha kulisema tangu enzi za mababu zao.

Uso uliniwaka. Mwaka mzima wa alfajiri! Nililiona darasa langu likienda hivihivi. Kisha hasira ikanipanda, na mpaka leo siijutii.

"Mama," nikamwambia kwa Kiingereza hichohicho, "kwetu neno hili ni zima. Juzi, jana, leo, kesho, keshokutwa, mtoto mdogo anayajua yote. Waingereza walikuwa nalo wakalitupa. Mimi nimeliokota."

Yule mama akaanza kufunua kurasa na kuniuliza: na hili? Na hili? Nilijibu yenye msalaba na yasiyo nao, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mpaka akachoka yeye. Alikiri kwamba ana shahada ya lugha hiyo, na nusu ya maneno yale hakuyajua. Akaandika kwenye karatasi yake, mbele ya macho yangu, kwamba nibaki na darasa langu. Kwa mdomo akaongeza kwamba watoto niwape maneno yaliyo hai.

Nilikwenda sokoni kichwa juu. Siku ile nilijiona mrefu kuliko watu wote wa Kamembe. Habari ya kufaulu Papa aliipokea kwa Alhamdulillahi tatu za sauti kubwa, mafundi wenzake wakaja kunipa mkono. Habari ya pini nilimwambia polepole, nikiogopa kumvunja moyo.

"Ile yote ya pini ilishakufa?"

"Yote, Papa."

Akasimamisha cherehani. "Na we unaijua?"

"Ninaijua."

"Basi Rusizi yote, mwenye kuijua iko weye tu." Akatazama huku na huku kuona kama wenzake wamesikia. Walikuwa wamesikia. "Tulibakisha T. Kesho tunaendelea."

"Papa, nimeshafaulu!"

"Muntu haachake kitabu katikati."

Darasa langu nilikuwa nalo, na sikuhitaji tena hata neno moja. Alfajiri iliyofuata, Papa alipotoka kusali alinikuta nimeshaketi.