Shemeji wa Siku Mbili

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Masimba, na likizo ya Agosti ilikuwa imeanza. Baba alikuwa amepata shamba Nyansiongo, katika ardhi iliyoachwa na mzungu mmoja, na katika stoo ya mzungu huyo tulikuta shanta la turubai la kijani. Nilitia ndani blanketi, mashati mawili, mkate na ramani niliyoibandua ukutani darasani. Nilitaka kufika Musoma, nilione ziwa kutoka upande wa pili, kisha nirudi. Sikuwa na jamaa huko. Nyumbani walinisikiliza wakadhani nimetafuta kazi Tanzania na naona haya kusema.

Basi liliondoka Kisii asubuhi. Karibu nami aliketi mama wa umri wa mama yangu, kitambaa cheupe kichwani, kikapu cha ndizi mapajani. Tulisalimiana kwa Ekegusii, naye akataka kujua ninafundisha wapi. Nilipomwambia, hakuuliza zaidi. Baada ya Migori aliniuliza kama mpaka bado uko mbali. Nilijibu kwamba sijui, sijawahi kupita huko.

Upande wa Kenya walitazama vipande vyetu vya kitambulisho, wakatuachilia. Upande wa Tanzania, pale Sirari, tuliambiwa tushuke na mizigo. Afisa kijana, mpole wa sauti, aliligusa shanta langu kwa kalamu.

"Ndugu, hili la jeshi umelitoa wapi?"

"Iko ya mzungu. Aliacha kwa shamba yetu."

Alitabasamu kwa Kiswahili changu. Kisha akaitoa ramani, akaikunjua juu ya meza, na tabasamu likaisha.

"Unakwenda kwa nani?"

"Hakuna mtu. Natembea tu."

"Unatembea tu. Na ramani."

Alimwita mwenzake. Siku zile kulikuwa na wasiwasi mipakani juu ya vijana wageni, na hata mimi nilipojisikia nikijibu niliona kwamba maneno yangu hayana kichwa wala miguu. Abiria wengine walikuwa wamekwisha kupanda. Dereva akapiga honi. Waliniambia nitoe shanta nje ya foleni, nikae kwenye benchi.

Yule mama akashuka tena. Alikuja hadi mezani, na kwa Kiswahili kigumu kuliko changu akasema, "Huyu mtoto yangu. Tunaenda kuzika dada yake."

Afisa alimtazama, akanitazama mimi. "Kwa nini hukusema, ndugu?"

Niliitazama ramani. Huenda alidhani ni huzuni. Aliikunja ramani vizuri, akanirudishia, akasema, "Pole, mama. Poleni sana."

Ndani ya basi mama alingoja hadi mpaka ukapotea nyuma yetu. Kisha akaniambia kwa lugha yetu, "Mimi ni mtu wa kanisa. Sisemi uongo. Sasa utashuka nami, ili yale niliyosema yasiwe uongo."

Nikamuuliza ni nani aliyekufa.

"Binti yangu. Aliolewa huku. Kaka yake yuko Mombasa, simu ya maandishi niliyotuma posta haijamfikia. Sikutaka afukiwe bila mwanamume wa kwetu kusimama pale."

Tulishuka kabla ya Tarime, tukatembea kama saa moja, mimi na kikapu chake mkononi na shanta mgongoni. Mkwewe alitupokea njiani. Alikuwa mrefu, macho mekundu, koti limefungwa vifungo vyote kwenye jua kali. Alimwamkia mama, akanigeukia.

"Huyu ndiye shemeji ambaye sikuwahi kumwona?"

"Ndiye," mama akasema.

Jeneza lilikuwa limefungwa tayari. Sikuuona uso wa mtu aliyeitwa dada yangu. Niliwekwa mbele, karibu na kaburi, na mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi akaletwa, nikampakata, akaambiwa mimi ni mjomba. Alishika kifungo cha shati langu, akalala kabla sala hazijaisha. Nilipoambiwa niseme neno kwa niaba ya watu wa kwao, nilisimama naye begani. Nilisema tumefika, tumeona alivyotunzwa, tunashukuru, na mtoto huyu ana kwao pawili. Lugha yao na yetu zinakaribiana, kwa hiyo hakukuwa na haja ya mkalimani. Kisha nikapewa koleo, nikatupa udongo wa kwanza baada ya mama.

Nilikaa siku mbili. Nilikula kilicholetwa, nikajibu nilipoulizwa habari za shamba na ng'ombe, na nilipoulizwa juu ya utoto wa dada nilisema tulisoma shule mbalimbali. Sikulia, wala sikujisikia mnafiki kama nilivyotarajia. Mama na mimi tulirudi kwa basi moja, tukaagana Kisii kwa kushikana mikono tu.

Shule zilipofunguliwa, mwanamume mmoja mwenye suti ya vumbi alikuja mlangoni pa darasa langu. Alikuwa kaka mwenyewe, wa Mombasa. Niliwapa watoto hesabu za kufanya, tukaketi nje kwenye majani. Alitaka aambiwe kila kitu: nani alisali, watu walikuwa wangapi, kaburi liko upande gani wa nyumba. Nilimweleza kama nilivyokumbuka.

"Na wewe ulisema nini?"

Nikamwambia neno kwa neno.

"Huyo mtoto," akauliza, "anafanana na mama yake?"

Nilimwambia sijui, maana mama yake sikumwona. Basi akatoa mfukoni picha ndogo, akanipa, nami nikaitazama mpaka watoto wakaanza kupiga kelele ndani.

"Paji la uso," nikasema. "Paji la uso ndilo hili."