Besi ya Elihuruma

Kwa miaka thelathini na mmoja Elihuruma alipuliza besi katika bendi ya tarumbeta ya usharika wao, juu kidogo ya Usa River. Besi ndilo tarumbeta kubwa kuliko yote. Ukilibeba, mdomo wake unakupita kichwa na uzito wote unakulalia begani. Siku za kazi alikuwa mtunza stoo ya ubaridi kwenye shamba la maua, mtu mpole asiyesikika. Jumapili ilikuwa habari nyingine.

Presha waligundua kwenye upimaji wa afya kazini: mia na tisini kwa mia na kumi, na yeye hata kichwa hakikuwa kinamuuma. Akaandikiwa kidonge kimoja kila siku, akakimeza kwa utii wa mwanafunzi wa kipaimara.

Mwezi wa pili wa dawa, vifundo vya miguu vikaanza kujaa. Viatu vyeusi vya bendi vikagoma kuingia. Jirani mmoja akamwambia dawa zile zinaua figo. Mwingine akasema mwenye presha akipuliza tarumbeta, mshipa utampasukia kichwani. Elihuruma hakubishana na mtu. Aliacha vidonge kimyakimya, na baada ya wiki mbili miguu ikanywea. Akajipongeza.

Jumamosi moja mazoezini, katikati ya wimbo wa tatu, macho yakaingia giza na kichwa kikawa kinatwangwa. Loserian, kiongozi wa bendi, aliwahi kulidaka besi likiwa linateleza.

"Kaa chini, kaka. Leo imetosha."

Nyumbani Anande, mkewe, alimtazama anavyokunywa maji.

"Baba Elinami, dawa unakunywa?"

Akajimiminia maji mengine.

"Nimekuuliza."

"Nimeacha."

Anande hakugomba. Jumatatu asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akamsindikiza mpaka kituo cha afya na kukaa mlangoni, asije akageuka na kurudi.

Daktari Pudensiana alikuwa wa umri wa binti yao. Alimwamkia shikamoo, akampima presha mara mbili, akachukua damu na mkojo. Majibu yalipotoka akavuta kiti karibu.

"Figo zako nzima, baba. Sikiliza. Kwa mwenye presha, mishipa inayopeleka damu mwilini imebana, moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Kidonge kile kinailegeza, njia inapanuka, damu inapita kwa urahisi. Ila mishipa ya kuirudisha damu kwenye moyo haikulegea sawasawa na hiyo, kwa hiyo maji kidogo yakachuja na kutulia miguuni. Na wewe kazini unasimama kutwa."

"Kumbe dawa ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya. Nitaipunguza, nikuongezee ya aina nyingine inayolegeza na ile mishipa ya kurudisha. Zikikusumbua, njoo uniambie. Usijiachishe."

Elihuruma akakohoa kidogo. Swali lenyewe alilolijia lilikuwa bado.

"Na besi, daktari?"

"Presha ikishuka, utapuliza. Kwa sasa, hapana."

Miezi miwili alikwenda mazoezini na kukaa benchi, mikono mitupu, akihesabu mapigo kwa kidole gotini. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Lakini vidonge hakuruka hata siku moja. Mia na sitini na nane. Mia na hamsini. Kisha, asubuhi moja ya baridi, mia na thelathini na mbili kwa themanini. Vifundo vilikuwa mifupa mitupu. Pudensiana alifunga kadi, akatabasamu.

"Kapulize, baba."

Mwezi wa nane bendi kumi na moja zilikutana uwanjani kushindana. Katika ubeti wa mwisho wa wimbo wao besi hubaki peke yake, na Loserian alikuwa amepanga kukiondoa kipande hicho.

"Usikiondoe," Elihuruma alimwambia.

Matarumbeta mengine yaliponyamaza, alivuta pumzi na kuiachia. Sauti ikatoka nene, imetulia, ikajaa uwanja wote, na kichwa chake kilikuwa safi kama maji ya mlimani. Watu walisimama kabla hajamaliza. Anande alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Walichukua ushindi. Lori lilikuwa linawasubiri. Wakalikataa, wakarudi kwa miguu kando ya barabara ya Moshi huku wanapuliza, magari yakipunguza mwendo.

Jumatatu kazini, midomo ikiwa bado inamuwasha Elihuruma kwa kupuliza, wafanyakazi wawili wa kufunga maua walimuuliza presha inapimwa wapi. Saa ya chakula akawapeleka mwenyewe.