Effie Mearns na Siku ya Jua la Buluu

Katika bonde lile lote la Angus, Scotland, hapakuwa na asiyeujua mlango wa Effie Mearns, ingawa wengi waliupita upesi. Effie ndiye aliyekuwa akiosha maiti. Mtu akikata roho, aliitwa yeye hata kabla ya mchungaji. Alikuja na aproni safi, akafunika vioo vya nyumba, akamwosha marehemu, akamfunga taya kwa kitambaa, kisha akamwekea sahani ya chumvi kifuani. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, wala haikumtisha. Siku nyingine alikwenda vibarua mashambani kama wajane wenzake, maana watu hawakufa kila wiki.

Septemba ya mwaka 1950 mvua ilinyesha hadi watu wakaichukia. Jumanne moja ikapumzika, na kundi la wanawake likaingia shamba la Balnaird kuokota viazi. Farasi wawili walivuta mashine ya kuchimbulia, na nyuma yao alitembea Dod Petrie, mzee mwenye uso mwekundu kama tofali na mdomo usiojua kufungwa.

"Effie!" alipaza sauti. "Mbona unaniangalia hivyo? Unanipima sanda?"

"Kwa tumbo hilo? Sanda yako itamaliza vitambaa vya parokia nzima. Endesha farasi wako, baba, viazi vinaoza."

Wanawake wakacheka, kila mmoja na kikapu chake, migongo imepinda.

Walikuwa wamekwisha kunywa chai ya mchana mwanga ulipoanza kuharibika. Halikuwa giza. Ilikuwa kana kwamba mtu ameifunika dunia kwa kioo cha chupa ya dawa. Farasi wakasimama wenyewe, masikio yamelala nyuma. Kunguru waliokuwa wakifuata mtaro wakaondoka wote kwa pamoja, bila kulia.

Effie akainua kichwa. Jua lilikuwa juu ya vilima, mviringo kamili, nalo lilikuwa la buluu. Ungeweza kulikodolea macho bila hata kupepesa.

"Yesu wangu," alisema Bella Torrie, jirani yake, kikapu kikimtoka mkononi. "Ni bomu. Warusi wamelipua bomu lao."

"Ni wingu tu," alisema msimamizi wa shamba. "Okoteni viazi." Lakini yeye mwenyewe alikuwa amevua kofia, na hakuivaa tena.

Ndipo Effie alipowatazama wenzake. Midomo ilikuwa ya zambarau, kucha zimegeuka kijivu, ngozi kama nta ya mshumaa uliozimwa. Rangi ile aliijua. Alikuwa ameifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu maisha yake yote. Sasa ilikuwa imesimama mbele yake shambani, imevaa viatu vyenye matope, inanong'ona sala.

Akanyoosha mkono akamgusa Bella shavuni. Lilikuwa la moto.

"Wee! Usinishike na mikono yako hiyo!" Bella akauchapa mkono, akaangua kilio.

Effie akageuka, akamwona Dod ameshika vichwa vya farasi, anawabembeleza. Uso wake ulikuwa mwekundu, uleule wa siku zote, na mashavu yamejaa damu. Effie akahisi moyo wake unarudi mahali pake. Akamwendea karibu mbio.

"Dod, ni wewe tu uliyebaki na sura ya mtu."

"Si nilikuambia mimi mzuri? Ukaniringia miaka yote hiyo!"

Akacheka naye. Halafu kitu kikamgusa mgongoni kama maji baridi, akarudi kwa Bella.

"Bella, mtazame Dod. Ana rangi gani?"

"Rangi gani tena? Buluu kama sisi. Kama mtu aliyezama mtoni. Effie, una nini?"

 Effie alimtazama tena yule mzee, akamwona mwekundu vilevile.

Siku iliyofuata redio ikaeleza kwamba misitu ilikuwa ikiungua Kanada, na moshi wake umevuka bahari juu kabisa angani. Watu wakapumua, wakaanza kutaniana nani alijificha chini ya kitanda. Effie alicheka pamoja nao, lakini kila asubuhi alichungulia dirishani mpaka amwone Dod akipita na farasi.

Ijumaa hakupita. Alianguka zizini akiwafunga farasi hatamu, akafa kabla hajalazwa kitandani. Mkewe, Teenie, akatuma watu wamwite Effie.

Alimwosha Dod karibu na dirisha, jua la kawaida likiingia. Rangi ilikuwa imemfikia sasa: midomo ya zambarau, kucha za kijivu. Kwa mara ya kwanza maishani, Effie akaimwaga chumvi.

"Mlifanya kazi pamoja Jumanne," alisema Teenie kutoka mlangoni. "Ulimwonaje? Alikuwa anaumwa, akanificha?"

Effie aliendelea kukusanya chumvi kwa kiganja.

"Alikuwa mzima, dada. Alinitania."

"Basi hakuteseka."

"Hakuteseka."

Huyo ndiye maiti wa mwisho aliyepita mikononi mwake. Alimfundisha Bella kazi, ingawa Bella alikataa mwanzoni na kusema hana roho ngumu, kisha Effie akahamia kwa dada yake mjini Dundee, akaajiriwa katika kiwanda cha magunia. Mashine zilinguruma mpaka watu wakazungumza kwa ishara, na vumbi liliwapaka wote rangi moja. Wenzake walimpenda, ila walishangaa kwamba mchana, wakitoka nje kula, Effie aliketi amewapa mgongo, asiuone uso wa yeyote juani. Walipomuuliza, alisema jua linamuumiza macho.