Hesabu ya Bi Ngor na Lifti ya Sokoni

Kwok Yuet-ngor, binti wa Kwok Bing aliyebeba mboga mabegani katika ngazi za mtaa wa Sham Shui Po miaka arobaini, ndiye aliyehesabu watu kwa ajili ya madaraja kumi na saba ya waenda kwa miguu. Chuo hakukanyaga. Aliketi kwenye kigoda kando ya njia akihesabu wapita njia, na wahandisi wakachora madaraja kwa hesabu yake. Hata mara moja hawakuirudisha.

Daraja la kumi na nane lilikuwa la kutoka maghorofa ya Fuk Lai hadi soko la samaki na nyama, juu ya barabara ya njia sita. Likiisha, kivuko cha barabarani chini yake kingezibwa kwa uzio wa vyuma. Bi Ngor alihesabu Jumanne moja kutwa, akapeleka karatasi. Baada ya wiki mbili ofisi ikamwambia lifti ya upande wa sokoni imefutwa. Wazee wenye vigari vya kuvuta walikuwa wachache, ngazi zingetosha.

Wachache? Jambo hilo lilimkera. Akaenda kwa Mzee Fung, muuza samaki.

"Ulihesabu lini, dada?"

Alipomtajia, Fung alipangusa mikono, akasogelea kalenda yake yenye tarehe za mwezi mwandamo. Akaanza kucheka.

"Siku hiyo mimi nilikuwa nimelala kwangu. Ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Wewe mwenyewe ulikula nini?"

Tofu na uyoga. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo hakuwa akigusa nyama wala samaki tangu mama yake alipofariki, na wazee wa Fuk Lai ni hivyo hivyo. Ofisi ilichagua tarehe kwa kalenda yake ya kawaida. Yeye alijua ni siku ya kutokula nyama, na bado akakaa pale akihesabu njia tupu.

"Wahandisi wamekusifu mpaka umepofuka," Fung alisema.

"Pima samaki, mzee. Hata ulimi wako una magamba."

Alirudi kwa miguu. Miezi miwili tu ilibaki astaafu, na pale ofisini hakuna aliyejua. Angenyamaza, jina lake lingebaki safi. Lakini wenye magoti mabovu wangepandaje ngazi hamsini na nne na kigari kilichojaa? Wengine wangeruka vyuma, na magari ya pale hayapunguzi mwendo.

Asubuhi alisimama mbele ya meza ya mhandisi Tse Wing-yan, msichana wa miaka ishirini na saba.

"Hesabu yangu ni mbovu. Nilihesabu siku wazee hawali nyama."

"Shangazi, michoro imeshapelekwa. Nikiirudisha wataniuliza nani alikosea."

"Waambie ni Kwok Yuet-ngor. Andika jina lote."

Tse akaliandika. "Basi rudia wewe mwenyewe kesho."

"Sirudii. Nikirudia watasema nimetafuta idadi ninayoitaka. Utahesabu wewe. Kesho kutwa, kuanzia saa kumi jioni, Fung anapopunguza bei. Kila kigari kiandike peke yake, na anayesimama njiani kuvuta pumzi mwandike pia. Na kabla hujaondoka nyumbani, muulize bibi yako ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo."