Nasadiki Nne za Domitilla

Domitilla Zagni alibatizwa mjini Bologna tarehe 9 Machi 1621. Daftari la parokia linamwita binti wa mfua shaba. Alipofiwa na mume alihamia karakana ya shemeji yake Lattanzio, mchoraji wa picha za watakatifu. Lattanzio alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta. Domitilla alimwaga tindikali, nayo ikaila shaba kila palipopita sindano. Muda aliupima kwa sala ya imani, Nasadiki: kumi kwa vivuli, nne kwa uso. Kwa miaka kumi na mmoja hakuharibu bamba hata moja.

Asubuhi moja ya Julai 1664, bamba lilikuwa la Mtakatifu Margareta akichomoka tumboni mwa joka. Joka na mavazi vilikwisha kuliwa na tindikali jana yake, ulibaki uso. Picha hiyo wanawake wa Bologna huwekewa tumboni wakati wa uchungu, na ghorofani Camilla, binti wa Domitilla, alikuwa siku ya pili, mtoto hashuki.

"Nakala ya kwanza ya Camilla," Domitilla alisema.

"Ni yake, shemeji, nimeshasema. Ila uniharibie uso huo, utanitambua. Wiki sita nimeukodolea macho."

"Wewe umekodoa, sasa mimi nisali. Nipishe mwanga."

Akamwaga, akawa anapangusa mapovu kwa unyoya wa bata bukini. Nasadiki ya kwanza ilikwenda mwendo wake wa siku zote, kavu, kama mtu anayehesabu vitunguu. Ya pili vivyo hivyo. Katikati ya tatu Camilla alipiga ukelele, kisha kukawa kimya.

Kimya hakikuisha. Unyoya uliendelea kupangusa, lakini Domitilla alipofika "akazaliwa na Bikira Maria" alishindwa kupita. Akarudia. Akarudia tena, neno kwa neno, safari hii akiomba kweli. Ya nne aliisali kama hajawahi kuisali maishani.

"Domitilla! Imwage kando, inakula mno!"

Aliimwaga, akasuuza, akafuta nta. Mistari ya mashavu ilikuwa imeungana. Pale alipochorwa bikira mtulivu, sasa kulikuwa na mwanamke aliyekunja uso, macho yamezama.

"Umenimaliza," Lattanzio alisema. "Huyu ni mtakatifu au muuza samaki aliyepunjwa?"

Domitilla alikuwa ameshaanza kupaka wino.

"Humpelekei Camilla kitu hicho!"

"Kuna kingine?"

Lattanzio akatandika karatasi mbichi juu ya bamba, akazungusha gurudumu la mtambo mwenyewe.

Juu, mkunga Pasqua aliipokea picha wino haujakauka. "Mama yangu! Na huyu naye ana uchungu?"

Camilla alikuwa hai, midomo imepasuka. Alitazama ule uso kwa muda.

"Niwekeeni," alisema. "Huyu angalau anajua."

Mtoto wa kike alitoka kabla ya kengele ya adhuhuri, kimya, mwili umemvilia damu. Pasqua akampiga makofi mgongoni mara tatu. Mara ya tatu mtoto akalia.

Pasqua aliondoka na picha ndani ya aproni yake, na kila akiulizwa anasema hakuiona. Jumatatu Lattanzio atalipiga bamba nyundo kwa nyuma, ausawazishe uso na kuuchora upya. Atakayemwaga tindikali ni Domitilla yule yule.